Pikapu Mbili na Swali la Usiku

Mwezi uliopita mwanangu wa pili alikuja nyumbani Bugomora akiwa na picha mbili katika simu yake. Amefanya biashara ya kahawa na maharage kwa miaka kadhaa, Mungu amembariki, na sasa anataka kununua pikapu. Tulikaa chini ya mparachichi, akanipa simu, akasema, "Baba, wewe uliwahi kuwa na gari. Nishauri. Hii na hii ni gari lile lile. Kiwanda kimoja, chesisi moja, injini moja. Ila hii ni ya kawaida, na hii ni fulu. Nichukue ipi?"

Nilizitazama zote mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya milango miwili, rimu za chuma, bampa jeusi lisilopakwa rangi. Ya pili ilikuwa ya milango minne, rimu za aloi, vishikio vinavyong'aa, viti vya ngozi na zulia sakafuni. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda nifikiri, naye akacheka, akidhani mzee anataka kuuliza bei ya dizeli na vipuri.

Ukweli ni kwamba jambo aliloliuliza kwa dakika moja mimi nimelibeba kwa zaidi ya miaka kumi. Sijapata kulisema kwa mtu yeyote isipokuwa mke wangu, ambaye hakuhitaji kuambiwa kwa sababu alikuwapo. Katika kurasa hizi nitajaribu kulisema, na kama jibu litapatikana, basi mwanangu alisome humu pamoja na wewe, ndugu msomaji.

Kwa asiyejua magari nianze kwa kueleza kidogo. Toyota Hilux ilianza kuundwa Japani mwaka 1968. Inasemekana jina lake liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya juu na jingine lenye maana ya anasa. Kwa hiyo gari hili la kubebea mizigo lilizaliwa likiwa na neno anasa ndani ya jina lake. Lakini zile tulizoziona sisi zamani hazikuwa na anasa yoyote. Zilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu waliobanana, sakafu ya mpira ambayo unaweza kuimwagia ndoo ya maji ukaisugua kwa ufagio, na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ya milango minne, ambayo watu wetu huiita dabo kebini. Kisha mwaka 2004 likatoka toleo ambalo huko Thailand lilipewa jina la Vigo, na jina hilo likasafiri nalo mpaka kwetu.

Vigo zilizotoka Thailand zilipangwa kwa herufi: J, E na G. Ya J ndiyo ya kazi, haina pambo. Ya G ndiyo iliyovishwa nguo za sikukuu. Ya E imekaa katikati, kama mtu aliyevaa koti bila tai. Ukizifungua chini utakuta mifupa ni ile ile. Tofauti iko katika vile mkono unavyogusa na jicho linavyoona.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo si ya jicho tu. Bodi ya nyuma ya pikapu ya milango miwili ina urefu unaozidi kidogo mita 2. Ya dabo kebini ina karibu mita moja na nusu. Ile nafasi ya kiti cha nyuma haikushuka kutoka mbinguni. Ilichukuliwa kwa mzigo ikapewa abiria. Mfanyabiashara wa ndizi atakuambia mara moja kuwa hiyo ni mikungu mingi iliyoachwa nyumbani. Na mtu mwenye mama mgonjwa atakuambia kuwa hiyo ni sehemu ya kumlaza bila kunyeshewa. Wote wawili wanasema kweli. Nakuomba, msomaji, uikumbuke hiyo nafasi iliyohama, maana tutairudia.

Sasa nieleze pikapu ni nini katika nchi yetu. Bugomora iko pembezoni kabisa, kaskazini-magharibi, karibu na Mto Kagera na mpaka wa Uganda. Nchi ni vilima na mabonde, migomba na mibuni, na barabara ya vumbi ambayo wakati wa masika na vuli huwa barabara ya utelezi. Nilipokuwa mtoto mgonjwa alibebwa kwa machela ya miti na kamba, wanaume wanne wakipokezana na wanne wengine. Kuwa jirani maana yake ilikuwa ni bega. Mwanamume ambaye hakutoka kubeba machela ya mwenzake alijua kwamba siku yake ikifika atatafuta mabega asiyapate.

Pikapu zilipokuja zilirithi kazi ya mabega hayo. Zilibeba kahawa ya maganda kwenda chama cha msingi, zilibeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni, zilibeba bibi harusi, na zilibeba jeneza. Gari moja kijijini halikuwa la mtu mmoja, hata kama kadi iliandikwa jina lake. Kila mtu alijua limelala wapi usiku. Kila mtu alijua njia ya kwenda kulibishia hodi.

Mwaka 2012, mwaka ule ule Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya yake, mimi nilikuwa nimestaafu ualimu. Nilikuwa na kiinua mgongo changu, nilikuwa na akiba ya kahawa, na mwanangu wa kwanza akaongeza chake. Tukasafiri mpaka Dar es Salaam kutafuta pikapu iliyotumika. Muuzaji mmoja alikuwa na Vigo mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, kama zile picha mbili za mwezi uliopita. Moja ilikuwa ya J, milango miwili. Nyingine ilikuwa ya G, dabo kebini, rangi ya fedha, na viti vyake vilikuwa vimevishwa ngozi na juu ya ngozi bado vimefunikwa nailoni, kana kwamba gari halijapata kukaliwa na mtu.

Nilichagua ya G. Niliwaambia watu sababu mbili, nazo zote ni za kweli. Kwanza, mke wangu ana maumivu ya mgongo na asingeweza kupanda bodi. Pili, nilichoka kuona wazee wenzangu wananyeshewa nyuma ya pikapu kama mizigo. Hizo ndizo sababu nilizozisema kwa mdomo.

Sababu ya tatu sikuisema. Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kando ya barabara, nimeloa vumbi, nikisubiri usafiri. Likapita gari kubwa la serikali, lile ambalo Watanzania hulitambua kwa herufi zake mbili za nyuma, VX. Ndani alikuwamo mtu niliyemfundisha kusoma. Sijui kama aliniona. Kioo kilikuwa juu na kilikuwa cheusi. Nilimeza vumbi lake, nikanyamaza. Lakini siku ile pale Dar es Salaam, mkono wangu ulipogusa kile kishikio kinachong'aa, nilimkumbuka. Nikajisemea moyoni kwamba na mimi sasa nitapita, nao wataniona.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda msielewe kwa nini jambo hilo linanitia aibu. Mimi ni mtoto wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nilifundisha somo la Siasa kwa miaka mingi. Niliwaeleza watoto habari za miiko ya uongozi: kutokuwa na mishahara miwili, kutokuwa na nyumba ya kupangisha, kutokuwa na hisa katika kampuni. Tulicheka pamoja kuhusu Wabenzi, kabila lile lisilo na kijiji ambalo watu wake walitambulika kwa Mercedes-Benz zao. Baadaye jina likabadilika. Neno shangingi, ambalo lilikuwa la mwanamke wa mjini apendaye kujikwatua, likahamia kwenye magari makubwa ya wakubwa. Nilisimama ubaoni nikasema mapambo ni kiota cha majivuno. Nilisema hivyo kwa urahisi kwa sababu nilikuwa na baiskeli.

Basi gari likafika Bugomora, watoto wakalikimbilia. Nailoni sikuziondoa. Nilisema nitaziondoa zikichakaa. Wengi wenu mnaijua tabia hii. Katika nyumba zetu kuna makochi yaliyonunuliwa zamani na bado yamevaa nailoni, yanamfanya mgeni atokwe jasho ili kochi lisitokwe na rangi.

Usiku mmoja wa mwezi Novemba mwaka 2013, mvua ya vuli ikinyesha, kama saa saba hivi, nilisikia hodi. Alikuwa kijana wa upande wa pili wa kilima, niliyemfahamu tangu utoto wake. Alikuwa hana viatu. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usiku. Mke wangu anajifungua, hali yake si nzuri. Tumemleta mpaka hapo kwenye njia."

Nilimjibu. Na neno langu la kwanza kwa kijana huyo halikuwa "yuko wapi", wala "pole", wala "ngoja nichukue ufunguo". Nilimwuliza, "Anatoka damu?"

Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Nyingi."

Mtu angesikia swali hilo angedhani ni swali la busara. Mkunga angeuliza hivyo hivyo. Kijana yule nadhani alilipokea hivyo, kuwa mwalimu anapima hatari. Lakini mimi najua nililiuliza kwa ajili ya nini. Niligeuka, nikachukua tochi, nikaenda stoo kutafuta turubai la kuanikia kahawa. Halikuwa mahali pake. Nikahamisha magunia. Nikaangalia juu ya dari. Muda ukaenda, labda dakika tano, labda saba. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kule nje kulikuwa na watu wanne wamesimama na machela mabegani.

Mke wangu akaja mlangoni mwa stoo. Akasema, "Mwalimu, unatafuta nini?"

Nikasema, "Turubai."

Hakusema kitu. Hakunilaumu, hakuuliza la nini. Alichukua ufunguo mfukoni mwa koti langu, akaenda, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaingia akakaa. Nilimsikia akiwaambia wale vijana, "Mleteni hapa. Kichwa chake kiwekeni mapajani pangu." Yeye ndiye mwenye mgongo unaouma, ambaye nilimtaja kwa muuzaji kuwa ndiye sababu ya viti vile.

Tulifika hospitali kabla ya mapambazuko. Barabara ilikuwa tope, na pale kwenye mteremko gari lilitaka kutuacha, lakini tulifika. Mama alipona. Mtoto alizaliwa hai, wa kike. Asubuhi niliporudi kwenye gari nililiona lilivyo. Nailoni zilikuwa zimepasuka mahali fulani na damu ilikuwa imepenya mpaka kwenye mshono wa ngozi. Kitenge cha mke wangu kilikuwa hakifai tena. Alinitazama ninavyotazama kiti. Tulirudi nyumbani tukiwa kimya, na jioni yake alichukua kisu cha jikoni, akakata nailoni zote, za mbele na za nyuma, akazichoma pamoja na takataka za shambani.

Baada ya majuma mawili wale wazazi walikuja kutoa shukrani, na kijana alikuja na baba yake mzazi. Walileta jogoo na mkungu wa ndizi. Mzee yule alisema kwa heshima kubwa kwamba Mungu amewapa jirani mwenye gari zuri, kwamba mkwewe alilazwa kwenye kiti laini kama wa mtu mkubwa, kwamba laiti angepandishwa bodi katika mvua ile wasingekuwa wanazungumza habari hizi. Nilipokea jogoo kwa mikono miwili. Sijapata kupokea kitu kizito kama kile.

Ndugu msomaji, hapo ndipo swali langu lilipo. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyenishitaki. Gari la fahari lilifanya kazi njema, tena kwa ubora kuliko lile la kawaida, kwa sababu ya ile nafasi iliyohama kutoka kwa mzigo ikaenda kwa binadamu. Kosa liko wapi?

Wako watakaosema hakuna kosa. Matokeo yalikuwa mema, na dakika saba si kitu. Nimejaribu kukubali hoja hiyo na imenishinda. Dakika zile hazikuwa kitu kwa sababu ya bahati, wala si kwa sababu yangu. Kama bahati ingegeuka, ningekuwa mtu yule yule, na tochi ile ile, natafuta turubai lile lile. Mtu hapimwi kwa kile ambacho mvua ilimsamehe.

Wako watakaosema dawa ni kununua ya kawaida. Anayekaa kwenye sakafu ya mpira haogopi damu. Mwalimu wa Siasa ndani yangu angependa sana jibu hilo. Lakini nami nimeishi kijijini na nimeona. Kulikuwa na jirani mwenye pikapu ya kazi, bodi yake imebonyea kila mahali, haina hata redio. Kila alipobishiwa hodi usiku alitaja kwanza nauli, na ukisema utalipa kahawa ikivunwa, alikukumbusha kuwa hata gunia moja la mibuni yako limekwishauzwa kwa butura, yaani limelipiwa likiwa bado ua. Nimeona pia viongozi wa zamani katika Land Rover ngumu, zisizo na zulia wala kiyoyozi, wakipita bila kusimama. Vumbi la Land Rover halina tofauti na vumbi la shangingi ukilimeza. Ukosefu wa pambo unaweza kuwa unyenyekevu, na unaweza kuwa ubahili tu uliovaa nguo za unyenyekevu.

Tena kuna neno jingine zito dhidi ya jibu hilo. Nani aliyeamua kwamba mgonjwa wa Bugomora mahali pake ni kwenye bodi, juu ya chuma? Nikinunua gari gumu kwa kusema kwamba litachafuliwa na wanyonge, si nimekwisha kuamua kwamba wanyonge hawastahili kilicho laini? Mzee yule aliyesema "kama wa mtu mkubwa" hakuwa anasifu ngozi. Alikuwa anasema kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza, mtoto wao alihesabiwa kuwa mtu. Siwezi kumwambia kuwa kiti kile kilikuwa dhambi.

Wako pia wanaosema kupenda mapambo ni ugonjwa tulioletewa na wageni. Hao hawajui Karagwe. Kule Bweranyange, kwenye makao ya watawala wetu wa kale, palihifadhiwa vyombo vya enzi, na miongoni mwavyo walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma na vyuma vilivyofuliwa kwa umbo la fuawe. Wazungu Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 walikuta ufalme unaojua sana maana ya kitu kizuri. Ng'ombe wa chuma hakamuliwi. Fuawe ya enzi haikuwekwa ili ipigiwe majembe. Ni kazi ya mhunzi iliyovuliwa kazi na kuvishwa heshima, kama vile pikapu ya G ilivyo pikapu ya J iliyovishwa heshima. Babu zetu walilifanya jambo hilo kabla Toyota haijazaliwa.

Lakini nimefikiri sana juu ya ile fuawe. Katika falme za Maziwa Makuu nyundo na fuawe vilikuwa alama za utawala, na ninavyoelewa mimi, alama ya mhunzi mikononi mwa mfalme ilimwambia kila alipoitazama: watu wako wanakula kwa jembe, na jembe linatoka hapa. Pambo lile lilikuwa linamkumbusha mwenye nalo deni lake. Nailoni yangu ilifanya kazi kinyume. Ilinisahaulisha. Kabla sijanunua gari lile, nilipobishiwa hodi usiku niliuliza, "Nani mgonjwa?" Baada ya kulinunua, niliuliza, "Anatoka damu?" Kitu kilibadilisha swali langu la kwanza, na sikujua kwamba kimelibadilisha mpaka nilipojisikia nikiuliza.

Nafikiri hapo ndipo kipimo kilipo, na sina kingine. Kitu kizuri nilicho nacho, je, kinanifanya niulize nini kwanza? Nyumba nzuri inaweza kumfanya mtu aseme "karibu ndani," na nyumba ile ile inaweza kumfanya aseme "vua viatu." Nguo nzuri inaweza kumpeleka mtu msibani kwa heshima, au ikamzuia kushika jembe la kuchimba kaburi. Pambo ambalo unaweza kuona likichafuka kwa ajili ya mtu, ukaumia kidogo na kuendelea, hilo ni lako. Pambo ambalo linakutuma stoo gizani kutafuta turubai, wewe ndiye wake.

Sisemi kwamba mtu asiumie. Mali imetafutwa kwa jasho na ni haki kuitunza. Mke wangu naye aliumia kwa kitenge chake. Alikipenda, nilikuwa nimemnunulia Bukoba. Tofauti yake na yangu ni kwamba yeye alikaa kwanza, akaumia baadaye.

Gari lile niliuza mwaka 2019. Mnunuzi alilikagua vizuri, akaona lile doa kwenye mshono wa kiti cha nyuma, ambalo sabuni zote zilishindwa kulitoa. Akauliza ni nini. Nilifikiri kusema ni chai. Kisha nikasema ukweli, kwamba ni damu ya mama aliyekuwa anakwenda kujifungua. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Mungu ni mkubwa, akapunguza bei. Sikubishana naye. Kwa mtu wa biashara doa ni doa. Binti aliyezaliwa siku ile sasa anateka maji mwenyewe. Akinikuta njiani huweka ndoo chini, hupiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo babu." Hajui habari za turubai. Kila akinisalimu huwa natamani kumwambia na kila mara nasema, "Marahaba, mjukuu wangu, msalimie mama."

Sasa, mwanangu, hili ndilo jibu lako. Sikuambii ununue ya J ili uonekane mnyenyekevu, wala ya G ili uwe na kiti cha kulaza mgonjwa. Biashara yako ni ya magunia. Piga hesabu ya mita zile mbili na ile moja na nusu, uone ni ipi itakulisha watoto. Kama mfuko wako unafika kwenye ile ya fulu na moyo wako unaitaka, sitakukataza, mimi nilikuwa na moyo huo huo. Lakini kabla hujalipa, kaa ndani yake peke yako, funga mlango, uguse kile kiti. Kisha jifanye umesikia hodi, mvua inanyesha, ni saa saba usiku. Lisikilize neno la kwanza litakalokuja mdomoni mwako.

Na ukilinunua, lolote utakalochagua, lilete kwanza hapa nyumbani kabla ya kulipeleka sokoni. Mama yako ameniambia atakuwa anasubiri na kisu.